Kibati Chenye Matundu Mawili

Walimwita Sikio, na si kwa ukubwa wa masikio yake, ingawa nayo hayakuwa haba. Ni kwa sababu alisikia kitu kilichofukiwa na kukuambia ni nini kabla hajagusa sepetu. Tangu stoo alikokuwa karani ifungwe, miaka sita sasa, kila asubuhi alipanda kwenye magofu ya ngome nyuma ya soko na mashine yake ya kutafuta vyuma, fimbo ndefu yenye sahani chini, akifagia majani polepole, hedifoni kichwani. Fedha hulia kama kijiko kikigonga glasi. Shaba hulia chini kidogo. Chuma hukoroma. Alumini, yaani makopo na vifuniko vya soda, hulalamika kwa sauti ambayo watafutaji wote wanaichukia kuliko mbu.

Watu walidhani anafuata sarafu za kale. Alikuwa nazo, kopo zima la maziwa, za wafalme ambao hata majina yao yamelika. Lakini alichokitaka hasa ni kibati cha shingoni cha kaka yake, kile cha jina na namba ya askari. Kaka alikuwa askari. Alifia ngomeni wakati wa vita, miaka arobaini iliyopita, na mwili haukurudi. Mama yao alikataa katakata kuzika nguo tupu. Alitaka kitu kilichokuwa mwilini mwa mwanawe, hata kiwe kidogo namna gani.

Sasa mama alikuwa na miaka tisini, na kila Sikio alipoingia mlangoni aliulizwa jambo lile lile.

"Umekuja naye?"

"Bado, Mama."

"Fanya haraka, mwanangu. Siku zangu nazimalizia."

Marehemu baba ndiye aliyewaambia kwamba vibati vya askari ni vya shaba. Basi Sikio alichimba kila shaba iliyolia. Alumini aliichimba pia, lakini kwa nidhamu tu ya kazi, maana takataka usipoitoa leo, kesho italia tena na kukupotezea muda. Hakuitazama mara mbili. Iliingia kwenye mfuko wa kiunoni, kutoka mfukoni ikaenda kwenye ndoo, na ndoo ikijaa aliipeleka kwa fundi anayeyeyusha alumini na kutengeneza sufuria.

Jumanne moja alikaa kunyolewa. Kinyozi naye aliwahi kuwa askari.

"Kichwa hiki ukikipitishia mashine yako, kitalia nini?"

"Bati tupu," Sikio akajibu, wakacheka.

"Na kibati cha kaka?"

"Pale nimemaliza shaba yote. Imebaki misumari."

Wembe ukasimama. "Shaba ya nini?" Kinyozi akavuta droo, akapekua vitana, akatoa kitu cha kijivu, umbo la yai, chenye matundu mawili, chepesi kama gamba la samaki. "Sisi tulivaa hivi. Alumini. Shaba ilikuwa ya wakati wa kina babu."

Sikio alikishika, na mkono wake ukakumbuka kabla ya kichwa. Miaka mitatu nyuma, kando ya ukuta wa tangi la maji la ngomeni, alichimbua kitu kama kile kile, kimekunjwa katikati, kimejaa udongo. Alisema "kifuniko", akakitupia mfukoni. Alinyanyuka kitini akiwa amenyolewa upande mmoja.

Fundi wa sufuria alimsikiliza huku akichochea moto. "Alumini ya miaka mitatu? Mzee wangu, watu wameshapikia."

"Kilikuwa na matundu mawili."

"Mimi nayeyusha, sisomi." Kisha akaacha kuchochea. "Ila ndoo ile naikumbuka. Si ndiyo uliyochukulia sufuria kubwa ya mama? Niliimimina ukiwa umekaa pale kwenye gogo, unapiga soga."

Nyumbani, maharage yalikuwa yakitokota ndani ya sufuria hiyo hiyo.

"Umekuja naye? Na kichwa hicho nani kakufanya?"

Safari hii Sikio hakusema "bado". Akakaa chini, akamweleza yote, pamoja na kwamba hawezi kuapa kilikuwa cha kaka. Mama alizima jiko. Akamimina maharage kwenye beseni, akaipangusa sufuria kwa kiganja.

"Miaka mitatu naisugua kwa mchanga," alisema. "Kila siku."

"Mama, huenda si chake."

"Aliyekivaa hakuwa na mama?"

Akavua kitambaa chake cha kichwa, akaifunga sufuria ikiwa bado ya moto. "Nenda kachimbe, pale kando ya kaburi la baba yako."

Sikio alichukua sepetu yake ya kuchimbulia sarafu. Mashine kama yake husikia kina cha mkono mmoja, zaidi ya hapo ni kimya, na hakuna atakayeifukua. Alichimba mpaka shimo likamfika kiunoni.