Nusu ya Kuitikia

Giligilani mbichi ikinyunyiziwa maji hunirudisha mlimani, hata niwe na haraka kiasi gani. Juzi nilikuwa napita sokoni, mama mmoja akawa analowesha mafungu yake, harufu ikanipata nikasimama kama mtu aliyesahau alichofuata. Mwenye meza akadhani nataka kununua. Nikanunua, maana nisingeweza kumweleza.

Sisi tulikuwa watu wa juu, Waluguru wa upande wa misheni, wakulima wa karoti na kabichi. Mara mbili kwa wiki, jua likiwa halijachomoza vizuri, mama alijitwisha tenga lake tukashuka mjini kuuza. Siku hizi mzigo unapanda bodaboda. Wakati ule ulipanda kichwani. Mimi nilibeba kifurushi cha giligilani na kujiona mchapakazi kweli.

Njia nzima tulisali rozari. Mama mbele anaanzisha Salamu Maria, mimi nyuma yake naitikia nusu ya pili, hivyo hivyo mpaka nyumba za kwanza za Bigwa, pale mji unapoanzia. Mkono mmoja ulishika tenga, mwingine ulihesabu punje. Penye utelezi alipunguza mwendo wa miguu, si wa sala. Mimi niliitikia mbio mbio ili tumalize, naye ananirudi, "Agata, unakimbizwa na nani?"

Nilipokuwa na miaka kumi, mdogo wangu Kizito alishikwa na homa. Alipelekwa zahanati, akapewa dawa, homa ikashuka, kisha ikarudi kwa kishindo. Mama akaanza novena, ile sala ya siku tisa, akaniambia tusali wote kwa sababu Mungu huwasikia sana watoto. Nilisali kwa bidii ambayo sijawahi kuwa nayo hata kwenye mtihani. Kizito alifariki siku ya saba.

Kilichonikasirisha hakikuwa kifo peke yake. Tulimzika siku ya nane, na jioni yake, waombolezaji wakiwa bado wamejaa uani, mama alipiga magoti akasali sala ya siku hiyo. Kesho yake akasali ya tisa. Nilimtazama nikaona aibu kwa niaba yake. Kwa akili yangu ya kitoto, Mungu alishindwa kungoja siku mbili tu. Sasa anaombwa nini tena?

Siku ya kwanza tuliyorudi kushuka na mboga, mama alianzisha Salamu Maria kama kawaida. Nikanyamaza. Alingoja hatua tatu, nne, nadhani alifikiri nimeishiwa pumzi. Halafu akaitikia mwenyewe, kwa sauti ya chini, akaendelea. Hakugeuka wala hakunikemea. Kusali sala ya watu wawili huku umebeba tenga la kabichi si mchezo, na sauti yake ilikuwa ikikatika kila tulipofika penye mawe. Niliisikia vizuri kabisa. Nilijivunia ukimya wangu, ndugu zangu, nikaushikilia msimu mzima na msimu uliofuata, mpaka nilipokwenda shule ya bweni.

Nilikuja kumuuliza nikiwa mtu mzima mwenye watoto wawili, siku moja tukichambua maharage jikoni kwake.

"Mama, kule njiani ulipokuwa unasali peke yako, ulikuwa unaomba nini? Kizito si alikuwa ameshakwenda?"

"Sikuwa naomba kitu, mwanangu," alisema, macho yakiwa kwenye ungo. "Nilikuwa naumia mno. Nikimtaja Mama Maria, namtaja mwenzangu aliyezika mtoto. Basi, napata nguvu ya kufika Bigwa."

"Na ile nusu ya kuitikia?"

"Ile ilikuwa yako. Nilikuwa nakusalia. Na wewe ulifiwa, nikaona huwezi."

Nilitaka kumwambia kwamba niliweza. Kwamba nilifunga mdomo kwa makusudi, na kwamba siku nyingine nilifurahi nikisikia sauti yake inakatika. Badala yake niliinamia maharage yangu, naye akanisifu kwamba nachambua vizuri, siachi hata kijiwe.

Huu ni mwaka wa tatu tangu mama afariki, na sasa nasali rozari kila asubuhi kabla watu wa nyumbani hawajaamka. Inanipa nguvu kweli, kama alivyosema. Lakini kuna jambo moja hainiondolei. Miaka yote ile nilidhani namgomea Mungu, na Mungu hakupungukiwa na kitu. Aliyepungukiwa ni mwanamke mmoja aliyekuwa akishuka mlima na msiba wake, akihitaji sauti moja tu ya kumwitikia, na mwenye sauti hiyo alikuwepo, hatua tatu nyuma yake, mzima wa afya, akimsikiliza anavyohema.