Viti vya Wafalme

Wiki iliyopita tulikuwa tukisubiri pantoni ng'ambo ya Ifakara, mto umefurika na hakuna aliyetulia. Dereva wa tajiri mmoja alikuwa akilisifu gari la bwana wake: kampuni iliyoliunda imewaundia wafalme magari tangu kabla ya vita vya Mjerumani. Mara akaletwa mwanamke juu ya kitanda, uchungu wa kuzaa umemshika.

"Mwanangu, tufikishe hospitali," mama mkwe wake aliomba.

"Mama, viti hivi hukaliwa na wafalme."

"Na huyu anayekuja, unajua atakuwa nani?"

Dereva alivua koti, akalitandika kitini. Mtoto alizaliwa humo humo garini, pantoni ikiwa katikati ya mto, sifa ambayo kampuni ile bado haijaitangaza.

Jana nilisikia dereva kafukuzwa kazi. Nikaenda kumpa pole.

"Pole ya nini?" alisema, akifunga vifungo vya shati jipya. "Nawahi kanisani. Mimi ndiye baba wa ubatizo."