Magunzi Ndani ya Gunia

Kosa lilianzia mdomoni mwangu, kama makosa yangu mengi. Mwaka jana baada ya mavuno, stoo yetu ya Kizwite ilikuwa na magunia kumi na mawili ya mahindi. Hesabu ya mama haijawahi kubadilika: gunia moja, mwezi mmoja, mpaka mavuno mengine. Ilikaa sawa kwa sababu tulikula dona. Mahindi yanasagwa na ganda lake, hakuna kinachobaki mashineni isipokuwa vumbi kwenye nyusi za msagaji.

Siku moja wakaja wageni, akina mama wa jumuiya. Mama akatenga ugali, mimi nikasema, "Karibuni zege, fundi yuko njiani." Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mama naye alicheka, ila kwa meno tu. Wiki iliyofuata, nikiwa natoka na debe kichwani, akaniambia, "Mwambie akoboe kwanza, ndiyo asage."

Sembe nyeupe ikaingia kwetu, na haikuja peke yake. Vitenge ambavyo mama huvifuata mpakani Kasesya na kuviuza vilikuwa vinatoka vizuri, basi sembe ikaita mkate, mkate ukaita siagi, siagi ikaita king'amuzi, sijui walijuania wapi. Viazi vya kuchemsha vya asubuhi tuliviacha kama ndugu wa kijijini tunaowaonea aibu. Uji wa ulezi ukawa wa wagonjwa.

Mbeba debe wa nyumba ni mimi, kwa hiyo mimi ndiye niliyeona. Debe linakwenda mashineni limejaa, unga unarudi pungufu, pumba zinabaki kwa msagaji na nguruwe wake wananenepa. Gunia lilikuwa linaisha wiki nzima kabla ya mwezi. Kufikia Novemba nilikuwa nafungua mlango wa stoo kama naingia kwenye mtihani wa hesabu.

Ningesema. Tatizo ni kwamba mara mbili nilikuwa nimechota kisado cha mahindi, nikauza dukani, nikala chipsi mayai na mshikaji wangu wa darasani. Visado viwili haviwezi kumaliza gunia, lakini nenda wewe ukamweleze mama hivyo. Nikachukua gunia tupu, nikalijaza magunzi, nikamwagia juu pumba nilizoomba mashineni, nikashona mdomo. Baadaye nikashona la pili. Mama huwa anahesabu kwa kidole akiwa mlangoni. Alihesabu, akaondoka ameridhika. Mimi sikuridhika hata siku moja. Panya akikwaruza stoo, nilijua ni mama anafungua.

Februari, tukiwa mezani, akasema, "Mahindi yamepanda bei. Nauza mawili, tununue makochi. Yatabaki matatu, na Machi tunaanza kula mabichi."

Nililirudisha tonge kwenye sahani. Magunia ya kweli yalikuwa matatu tu.

"Mama, viti hivi vina shida gani? Havijawahi kulalamika."

"Si wewe uliyesema vinafanana na benchi la zahanati?"

Ni kweli nilisema. Mdomo huu!

Jumamosi akaja mnunuzi na bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha wanaouchomeka kwenye gunia ili mahindi yatiririke mkononi.

"Shikamoo," nikamwamkia. Sauti ilitoka kama ya kifaranga.

"Marahaba. Mbona unaniogopa, binti? Nimekuja kununua mahindi, sijaja kuposa."

Mama akacheka. Mimi ninayecheka hata misibani, sikuweza.

Gunia la kwanza lilitoa mahindi meupe, safi. La pili vilevile. Nikaanza kupumua. Mnunuzi akasema, "Mama, niongezee la tatu, na mimi napandisha bei kwa yote." Mama akayageukia magunia. Niliyaona makochi yakijipanga machoni mwake.

"Haya, piga hilo la pembeni."

Bambo liligota. Akasukuma tena, zikatoka pumba kidogo, kama kikohozi.

"Mama, humu umenihifadhia kuni?"

Mama akiwa na hasira ndogo hugomba kwa Kiswahili. Akihamia Kifipa, tafuta pa kulala. Nilisubiri Kifipa. Hakikuja. Alikata uzi, akaingiza mkono, akatoa gunzi, akaliangalia. Akakandamiza gunia la nne, akaenda kwenye la tano, nalo akalikata. Kisha akageukia matatu yaliyobaki, midomo yake ikicheza bila sauti: Machi, Aprili, Mei, Juni. Nimemwogopa mama maisha yangu yote, lakini sikuwahi kumwona yeye akiogopa, na sikujua nikimbilie wapi.

"Umeuza?"

"Visado viwili tu, mama. Mengine tumekula. Ni sembe." Nikamweleza habari ya pumba huku nalia, kamasi na kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Samahani, baba," akamwambia mnunuzi. "Siuzi hata moja."

"Na mafuta niliyochoma kuja huku?"

"Chukua magunzi."

Fimbo niliyoisubiri haikuja jioni ile, wala kesho yake, na hilo lilinitisha kuliko fimbo. Siku hizi mama haishii tena mlangoni. Tunaingia wote, anakandamiza kila gunia kwa kiganja, na mimi nakandamiza baada yake.

Sasa ni Aprili, limebaki moja. Mabichi yanatusaidia, ila mavuno bado yako mbali. Jumapili wale akina mama wa jumuiya walirudi. Mama akatenga dona, halafu akaniangalia. Nilikuwa na utani mtamu sana kuhusu matofali. Nikaumeza na tonge, nikainuka, nikaenda stoo kuligusa gunia.