Masharubu ya Mtu wa Kisimani

Kinyozi yule walimwita Kimya, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Watu waliochoshwa na maneno ya nyumbani na ya kazini walikwenda kwake kupumzisha masikio. Ukikaa kwenye kiti chake anakuuliza, "Kama siku zote?" Ukiitikia, humsikii tena mpaka aseme, "Tayari." Mkewe alikuwa akiwaambia mashoga zake kwamba hata siku ya kuja kumposa, aliyesema ni kaka mtu, bwana harusi alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mjusi.

Kaka mwenyewe alikuwa chumba cha pili, wametenganishwa na ukuta mmoja, akitengeneza redio na feni. Huyo alikuwa na maneno ya watu wawili. Watu wa rika lake walimwita Mkanda, kwa sababu zamani, jumba la sinema lilipokuwa bado jumba la sinema na si ghala la saruji, yeye ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya kuonyesha picha.

Mchana mmoja wa jua kali, Kimya akiwa peke yake ananoa wembe, aliingia mzee mrefu aliyevaa koti la safari. Alisema basi lake limeharibika stendi na wameambiwa wasubiri. Kisha akavua kofia, akaipangusa vumbi kwa mgongo wa mkono, taratibu, kama mtu anayembembeleza paka, akaitundika kwenye msumari.

Kimya akaacha kunoa.

Aliyatazama masharubu. Yalikuwa meupe sasa, lakini upande wa kulia ulipanda na wa kushoto ulishuka, kana kwamba pande hizo ziligombana na hazijapatanishwa. Mara ya kwanza kuyaona alikuwa mtoto wa darasa la tatu, na yalikuwa makubwa kuliko mlango.

"Ndevu zote, fundi," mzee alisema, akikaa. "Na masharubu uyatoe."

"Masharubu pia?"

"Hayo hasa."

Kimya akamfunga kitambaa shingoni. Akaanza kukoroga povu, na akalikoroga mpaka likawa zito la kusimamisha brashi.

Filamu ambamo aliyaona masharubu hayo ilifika mjini ndani ya makopo ya bati, kila kopo na mkanda wake, limeandikwa namba kwenye kifuniko. Njiani, vifuniko vya kopo la tatu na la nne vilibadilishana. Kaka yake aliamini vifuniko. Kwa hiyo watu wa mji ule waliona jambazi mwenye kofia akipigwa risasi na kutumbukia kisimani, kwisha kazi, halafu, kabla hawajatulia, wakamwona huyohuyo akisukuma mlango wa hoteli, mzima, akipangusa kofia, akisema, "Nipeni maji. Njia ilikuwa ndefu."

Jumba lililipuka. Mtu ametoka kisimani anaomba maji! Toka viti vya nyuma sauti moja ikapaza, "Kwani ya kisimani hayakukutosha?" na watu wakacheka hadi wengine wakateremka kwenye viti.

Kesho yake Mkanda alikuwa amegundua kosa, akaonyesha filamu inavyotakiwa. Mtu aliyetumbukia hakurudi. Watu wakapiga viti, wakaimba wanamtaka mtu wao, na meneja akapanda ngazi mbiombio, jasho linamtoka: "Wewe, onyesha kama jana!" Basi ikaonyeshwa hivyo miaka yote. Watu walikwenda na wake zao, kisha na watoto, na wakati wa maji ulipofika jumba zima liliuliza lile swali kwa pamoja. Zima, isipokuwa mtoto mmoja aliyekaa pembeni akichezesha midomo tu, sauti haitoki.

"Unajua," mzee alisema, macho kayafumba, "nimekaa na masharubu haya tangu ujana. Nilikuwa mwigizaji. Hutanijua. Kuna filamu moja watu wanaipenda mpaka leo, nami nilikuwemo."

Kimya akampaka povu.

"Juzi walifanya sherehe yake. Wenzangu waliobaki wakapandishwa jukwaani, wakavikwa mataji ya maua. Mimi mlangoni nikaulizwa nimemleta nani. Walidhani mimi ni dereva." Akacheka kidogo puani, povu likaruka. "Siwalaumu. Nilikufa katikati. Anayekufa katikati nani atamkumbuka? Watu wanakuwa hata bisi hawajamaliza. Na mimi mjinga nimetunza masharubu ya maiti. Toa, fundi."

Kimya alinyoa shavu la kulia, akanyoa la kushoto. Akanyoa shingo. Akarudia kupaka povu, akanyoa tena palipokuwa pameshakwisha. Kisha akachukua mpini wa brashi akagonga ukutani, ngo ngo, maana ndivyo walivyoitana na kaka yake. Upande wa pili redio ilikuwa ikijaribiwa kwa sauti ya kupasua masikio. Akagonga tena. Redio ikaongezwa.

"Mbona unagonga ukuta? Kuna panya?"

"Hapana, baba."

Palibaki mahali pamoja tu usoni mwa mzee pa kwenda na wembe. Kimya aliusogeza, akauweka mezani.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi nini? Wembe butu?"

"Huku hukufa."

Mzee akafumbua macho. "Nini?"

"Hapa kwetu. Hukufa, baba. Ulirudi." Na maneno yakamtoka, kwa vipandevipande, mengine ya mwisho yakitangulia ya mwanzo, kama ile mikanda: vifuniko, kisima, mlango wa hoteli, meneja na jasho lake. "Watu walikuwa wakija kwa ajili yako wewe tu. Yule shujaa mwenye farasi hata jina hatukulishika."

Povu lilikuwa limeanza kumkaukia mzee mdomoni. "Nilipita hapa," alisema, "mwaka filamu ilipotoka, au uliofuata. Mtu mmoja stendi aliniletea ndoo ya maji. Ndoo nzima, wenzake nyuma wanacheka. Nikadhani wananidhihaki. Nikapanda basi nina hasira mpaka kwetu."

"Walikuwa wakikupokea."

Redio ikazimika ghafla na Mkanda akachungulia mlangoni, bisibisi mkononi. "Mdogo wangu, nani anaongea humu? Nimesikia sauti nikadhani umevamiwa." Akamwona mzee. Akaona masharubu, moja juu moja chini, katikati ya uso ulionyolewa. Yeye mwenye maneno ya watu wawili akakosa hata la mmoja. Akavuta kigoda, akakaa.

"Kaka, anataka yatolewe," Kimya alisema.

"Yatolewe na nani? Wewe? Nitakukana." Akamgeukia mzee. "Mzee wangu, shikamoo. Nimekurudisha kutoka kisimani kila Jumamosi kwa mikono yangu hii, na wewe unataka kujizamisha mwenyewe?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa, akaliondoa povu kwa kitambaa. Masharubu yakabaki. Honi ya basi ikasikika kutoka stendi, limepona. Akainuka, akanyoosha koti, akaagana nao kwa mikono miwili, akatoka.

Ndugu wawili wakabaki wanatazama mlango. Kofia ilikuwa bado kwenye msumari. Kimya aliiona, akainyakua, akaufikia mlango wakati unasukumwa kutoka nje.

Mzee alisimama kizingitini, jua mgongoni. Aliichukua kofia mkononi mwa kinyozi, akaipangusa kwa mgongo wa mkono, taratibu, akaivaa.

"Nipeni maji," alisema, kwa sauti ile. "Njia ilikuwa ndefu."

Mkanda alifumbua mdomo, halafu akaufumba, akamtazama mdogo wake.

Na Kimya, masikio yakimwaka moto, akasema kwa sauti iliyofika hadi upande wa pili wa barabara:

"Kwani ya kisimani hayakukutosha?"