Goti la Bi. Zena na Kibao cha Mbuzi

Siku yangu ya kwanza kazini, nikiwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, nilikemewa kabla sijatua mkoba. Hospitali binafsi zilikuwa ndiyo kwanza zimeruhusiwa, na yetu ya Kinondoni bado ilinuka rangi. Daktari Bingwa wa Mifupa alinikabidhi kipimapembe, yaani rula mbili zilizounganishwa za kupimia goti linakunjika kiasi gani. "Binti, hapa tunapima. Hatukisii."

Alikuwa akiweka magoti ya bandia yasiyo na saruji. Saruji hiyo ni gundi ya mifupa; bila hiyo, mfupa wenyewe huota ndani ya vitundu vya chuma mpaka ushike. Mgonjwa hutembelea magongo majuma kadhaa, apende asipende.

Aliyenitoa jasho ni Bi. Zena wa Temeke, mpishi wa maharusi, goti lake limesagika kabisa. Fomu yetu iliuliza kuhusu kupanda ngazi. Akaangua kicheko.

"Mjukuu wangu, nyumba yangu ina ngazi? Niulize kama n'takaa kwenye mbuzi nikakuna nazi! Binti ya mwanangu anaolewa mfungo tatu, na tui la harusi ile mie simwachii mtu."

Bingwa alikataa katakata. "Kibao kile kiko chini mno. Ataniharibia kazi."

Mimi ni mbishi tangu utoto. Nikaenda Temeke na kipimapembe changu, nikapima goti hukunjika kiasi gani juu ya kibao chenyewe, kisha fundi seremala wa Mwenge akakirefusha miguu. Bakuli la kupokelea nazi tukalipandisha juu ya kigoda.

Bi. Zena akapasuliwa, akatembelea magongo, na miezi ikapita. Bingwa aliitazama picha ya eksirei kwa muda mrefu. "Mfupa umeshika. Haya, akakune."

Siku ya harusi nilimkuta Bi. Zena amekaa juu, anakuna, mashoga zake wakimtania, "Mwenzetu kahamia ghorofani!" Nililia kwa furaha, wala sioni haya kusema. Bingwa alikula sahani mbili za wali.

Sasa nimestaafu. Vijana wakiniuliza goti zuri ni la digrii ngapi, huwataka kwanza wamuulize mgonjwa limemnyima nini. Sikuzaliwa nikilijua hilo, wala Bingwa hakulijua. Kesho yake baada ya harusi aliagiza mafaili yote ya magoti, akayarundika mezani kwangu.

"Binti, hawa wote hatukuwauliza."

Ndiyo mara pekee niliyomsikia akikiri kosa, na alikuwa anacheka.