Pete Iliyogeuka Nyeupe

Pete ya dhahabu ya jirani yangu ilianza kupauka upande wa kiganja. Mwanzoni lilikuwa doa tu, kisha doa likazunguka kidole chote mpaka pete ikawa nyeupe kama ya fedha. Mfanyabiashara mwingine angeificha. Yeye aliinua kidole juu sokoni akawaonyesha wateja.

"Haa, Mama, pete imefubaa hiyo!" mteja mmoja alimcheka.

"Haijafubaa, imeng'aa! Dhahabu yenyewe imesalimu amri kwa krimu yangu, sembuse hicho kisogo chako?"

Watu wakacheka, wakanunua. Ndipo akaitwa Mama Kung'aa, na jina lake la kwanza likasahaulika. Mimi nauza vikopo vitupu na vifuniko kibanda cha pili. Maneno yanayouza nayajua, na yale yaliuza.

Alikuwa amejijenga mwenyewe. Alianza kwa kukata miche ya sabuni na kutembeza vipande mlango kwa mlango, binti yake mgongoni, baada ya mume kwenda kutafuta maisha na kuendelea kuyatafuta mpaka leo. Sabuni ikazaa kibanda, kibanda kikazaa nyumba. Chumba cha nyuma ndicho alichokorogea krimu: mafuta mazito, manukato, na unga mweupe mzito uliokuja kwenye mfuko usio na lebo. Aliyemletea unga alimpa sharti moja tu, kwamba akikoroga avue vito. Hakuvua. Pete ile alijinunulia mwenyewe, hakuvishwa na mwanamume, akasema itatoka kidoleni siku ya kuoshwa maiti yake.

Alikoroga kwa mikono mitupu. "Mwiko hauna akili," aliniambia, akivunja mabonge katikati ya vidole. Na kila beseni alilijaribu kwanza juu yake. Anapaka upande wa ndani wa mkono, anakunywa chai, anasubiri. Pakiwasha, anamwaga. Pasipowasha, anapakia. Hakuwahi kumuuzia mtu kitu ambacho hajajipaka. Hiyo ilikuwa fahari yake, na hapohapo ndipo alipokosea, maana unga ule hauwashi. Unaingia kimya.

Binti alipojifungua, mumewe akiwa mbali kikazi, alirudi kwa mama yake kuuguzwa. Mama Kung'aa akapiga marufuku.

"Huyu mjukuu wangu hapakwi mkorogo hata tone. Mafuta ya mtoto, basi."

Na kweli hakumpaka. Alikuwa anatoka kwenye beseni, anafuta mikono kwa taulo, anambeba.

Mtoto akaanza kulia kilio kisichobembelezeka. Viganja vikawa vyekundu, nyayo zikachubuka. Alitoka jasho hata siku za baridi, na miguu ikalegea kama ya mwanasesere wa kitambaa. Binti alipompeleka kwa mawifi zake, mtoto alipata nafuu, akanyonya, akacheka. Aliporudi tu, kilio kikaanza upya. Mtaani wakaanza kusema nyumba ile ina kitu.

Nilikuwepo mchana binti alipolisema hilo waziwazi, macho yake ukutani.

"Mama, wewe hukisikii? Kuna kitu humu ndani, na kinamjua mwanangu."

"Kitu gani, na mimi nimelala humu miaka yote?"

"Mikono inakutetemeka, Mama. Kimeanza na wewe."

Ilikuwa inatetemeka kweli. Nilishamwona akimwagia chai kwenye kisahani, nikadhani ni umri.

Daktari hakuuliza habari za mashetani. Aliviangalia viganja vya mtoto, akauliza ni nani nyumbani anayejipaka krimu ya kung'arisha ngozi. Wakapimwa mkojo wote watatu. Wote walikuwa na zebaki, na bibi aliwapita wenzake mbali sana.

Watu wa afya wakaja nyumbani na kifaa kilichofanana na cha kukaushia nywele. Wanakielekeza kwenye kitu, kinawaambia kilichomo. Kwenye beseni tulitegemea kisome. Lakini kikasoma kwenye kitasa cha mlango. Kikasoma kwenye taulo, kwenye mto, kwenye kikombe cha binti. Kikasoma kwenye sikio la sungura wa kuchezea, lile ambalo bibi hulishika akimchekesha mtoto. Kila mahali palikuwa na mkono wake usioonekana. Alikuwa akiwafuata chumba hadi chumba kama mtu anayeonyeshwa nyayo za mwizi, na nyayo zenyewe ni zake.

"Lakini sikumpaka," alisema. "Mwanangu, naapa, hata tone."

"Hukumpaka, Mama," dada wa afya akamjibu taratibu. "Ulimbeba."

Akamuuliza maji ya kuoshea beseni aliyamwaga wapi. Mama Kung'aa akanyoosha kidole dirishani, kwenye mtaro unaopita nyuma ya nyumba na bustani za mboga mpaka bwawani.

"Yalishakwenda hayo."

"Maji yamekwenda, Mama. Zebaki haiozi. Inalala kwenye tope, inaingia kwa samaki, na samaki wanarudi kwetu."

Tangu siku hiyo hapiti tena upande wa wauza samaki. Anasema wanamtazama. Nilidhani anawasema wauzaji, kumbe anawasema samaki.

Nyumba ilisafishwa, magodoro yakachukuliwa, unga ukabebwa. Pete aliivua, akaitia kwenye kikopo changu kimoja chenye kifuniko cha kubana, akawasihi wamwachie. Mtoto alipewa dawa na miguu ikaanza kupata nguvu, huko kwa mawifi. Bibi naye alitibiwa, vipimo vikashuka, mpaka daktari akamruhusu kumshika mjukuu wake. Binti akakataa.

"Daktari ana vipimo vyake, mimi nina macho yangu. Si ulisema dhahabu imesalimu amri? Basi ikirudia rangi yake, ndiyo nitaamini kimekutoka."

Tukaenda kwa sonara, mimi nikiwa msemaji, maana kukata bei najua. Sonara aliitazama pete ndani ya kikopo bila kuigusa.

"Hii inarudi," alisema. "Ukiipitisha motoni inakuwa njano kama zamani."

"Haya, taja bei."

"Sina bei. Zebaki ikipata moto haifi, inapanda hewani. Naivuta mimi, anaivuta mke wangu hapo nyuma ya pazia, na ni mjamzito. Funika, tafadhali."

Nimepatana na watu wagumu, lakini mtu asiyetaja bei huna pa kumshikia. Nje nilimwambia jirani yangu kwa sauti ya chini twende kwa sonara mwingine, tusieleze lolote, tuseme iliangukiwa na risasi ya kulehemu. Mjukuu anapatikana jioni hiyohiyo. Alisimama, kikopo kakikumbatia kifuani. Nyuma ya pazia cherehani ilikuwa inakimbia, inasita, inakimbia tena.

"Nimeshamwingia mmoja bila kujua kuwa namwingia," alisema. "Wa pili ningejua."

Kikopo akakipeleka kwa watu wa afya, wakakifungia pamoja na unga wake. Kwa binti alikwenda na kidole kitupu. Nilimsindikiza. Binti alisimama mlangoni, mtoto kiunoni.

"Pete iko wapi?"

"Nimeitoa. Ingerudi kuwa dhahabu, lakini kwa kifua cha mtu mwingine. Usiponipa mtoto sina neno, nitamtazama hapahapa."

Binti akakitazama kile kidole. Mkono mzima ulikuwa umepauka kwa miaka ya kujaribia krimu, ila pale pete ilipokaa palibaki ukanda mwembamba mweusi, rangi ya mama yake aliyekuwa akimbeba mgongoni akiuza sabuni. Akamtoa mtoto kiunoni.

"Mshike, Mama."

Alimshika, lakini si kama watu wanavyoshika mtoto. Alimpakata juu ya mikono iliyofunikwa na shati, viganja kavigeuza nje, vidole vikining'inia hewani visiguse kitu. Mtoto akakamata kidole kimoja akakivuta kinywani. Bibi akakichomoa kama aliyeungua.

"Mama, daktari alishasema ni safi."

"Najua," alisema, na viganja vikabaki vimegeukia nje.

Mtoto sasa anatembea. Akimkimbilia bibi yake mikono juu, bibi hupiga magoti na kumpokea kwa viwiko.