Hamdani Anunua Amplifaya kwa Kipimo cha Dagaa

Hamdani alipima kila kitu kama alivyopima dagaa. Miaka kumi na minane ya kununua magunia ya dagaa mwaloni Katonga, pale mitumbwi ya wavuvi inaposhusha, ilimfundisha kanuni moja: gunia jepesi ni dagaa waliokauka, gunia zito lina maji, na likichakarika ukilitikisa, lina mchanga pia. Mwanawe wa kwanza alipozaliwa, mkunga ilibidi amnyang'anye, maana alishaanza kumtikisa karibu na sikio.

Mwaka ule wa tisini na saba, Wakongo walipokuwa wakivuka ziwa na chochote walichoweza kubeba, Hamdani alikuwa na donda moja tu rohoni. Kila alasiri mkewe, Rozalia, alichukua mkeka akaenda barazani kwa jirani yao Bonifasi kusikiliza muziki. Hamdani akirudi, anapokewa na chupa ya chai.

"Mke wangu, hukai nyumbani?"

"Nikae nisikilize nini, wewe unavyokoroma? Deki ya kaseti unayo, spika mbili unazo, zimeatamia juu ya kabati kama kuku. Nunua amplifaya, uone kama nitatoka."

Kesho yake Hamdani akaenda Katonga kwa Isaka, fundi mkimbizi kutoka Uvira, aliyekimbia vita na bisibisi na amplifaya mbili, akasahau viatu. Amplifaya zenyewe zilikuwa mezani. Moja nyeusi, haina urembo, imeandikwa wati ishirini. Ya pili inang'aa, ina taa za rangi sita, imeandikwa wati mia tatu.

Hamdani akainua ile nyeusi. Mgongo ukamlia. Akaitikisa, ndani kukachakarika.

"Hii imelowa," akasema. "Na ina mchanga."

"Papa Hamdani, ile ni skrubu moja tu imelegea!"

Akainua ile ya taa kwa mkono mmoja. Nyepesi! Akainusa. Akatabasamu.

"Hii ndiyo imekauka."

Isaka akashika kichwa. "Papa, nisikilize. Nguvu ya amplifaya iko kwa transfoma, na transfoma ni chuma na shaba. Lazima iwe nzito! Ile nyepesi, wati zake ziko kwa rangi tu. Spika zako ziko ndogo, nyumba ni vyumba viwili. Ishirini za kweli zinakutosha."

"Fundi, mimi utanifundisha kupima mzigo?"

Alasiri hiyo Rozalia alikalishwa kwenye kiti kizuri. Hamdani akawasha. Taa sita zikacheza vizuri ajabu. Kisha spika zikatoa sauti ya mbuzi mwenye mafua. Hamdani akaongeza sauti; mbuzi akakata roho, moshi ukapanda.

"Angalau umewachoma vizuri hao dagaa wako," Rozalia akasema, akachukua mkeka wake.

Hamdani alirudi kwa Isaka ameinamisha kichwa. Fundi hakumsimanga. Alikubali wabadilishane, akakaza ile skrubu, akamtwika amplifaya nyeusi kichwani. Hamdani aliibeba kutoka Katonga mpaka nyumbani akiwa wima kama mlingoti, na kwa kuwa shingo iligoma kugeuka, waliomwamkia njiani aliwajibu huku akitazama mbele.

Akaunganisha waya, akawasha. Hakuna taa hata moja iliyocheza. Lakini gitaa lilitoka safi, besi ikagonga kifuani taratibu, na mtu angeweza kusikia mwimbaji akivuta pumzi.

Kabla wimbo haujaisha, Rozalia akatokea mlangoni na mkeka wake. Hamdani akakaribia kulia kwa furaha.

Nyuma ya Rozalia akatokea mke wa Bonifasi na mkeka wake. Kisha Yunisi wa nyumba ya pili, na dada zake watatu. Mwisho akaingia Bonifasi mwenyewe, amebeba kiti.

"Jirani, hongera! Kwangu nimezima. Chai ipo?"

"Mume wangu," Rozalia akamwambia kwa mahaba, na kumbe alikuwa ameshaketi, "sogea kidogo hapo, unawaziba wageni wasisikie."

Hamdani akasogea, shingo bado imekakamaa, akaenda kubandika chai ya watu wanane.